Kutibiwa kwa Kiingereza: Neno Lipi Limfikishe Mgonjwa kwenye Tiba



Nimeombwa nizungumzie Kiingereza cha hospitali, nami nimechagua kona moja ya uwanja huo mpana: namna Mswahili anavyoeleza kwa Kiingereza kwamba ametibiwa, anatibiwa, au anahitaji kutibiwa. Jambo hili linamgusa Mtanzania anayesoma Uingereza. Linamgusa muuguzi wa Kenya anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ili apate kazi ng'ambo, na mkimbizi wa Kongo aliyepewa makazi Marekani, ambaye Kiswahili ndicho anachojieleza nacho anapofika hospitali. Linatugusa na sisi tuliobaki nyumbani. Mgonjwa wa Dodoma au Tanga hueleza maumivu yake kwa Kiswahili, na daktari huyaandika kwenye faili kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha aliyosomea. Tafsiri inafanyika kutwa nzima katika vyumba vya madaktari wetu, bila mtu yeyote kuitwa mkalimani.

Hoja yangu ni hii. Ukitafuta Kiingereza cha huduma uliyoipata, usianze kwa kuuliza neno la Kiswahili linatafsiriwaje. Anza kwa kuuliza: ni nini kilifanyika mwilini mwangu, kilifanywa na nani, wapi, na kwa kusudi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuongoza kwenye neno. Na neno likikosekana, majibu hayo pekee yanamtosha daktari kufanya kazi yake.

Tuanze na kitenzi kinachobeba mzigo kuliko vyote. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kutibu ni "treat" na kuponya ni "cure", kisha wakiingia kwenye mazungumzo huvichanganya. Mtu anataka kusema alitibiwa hospitali ya Muhimbili, anasema "I was cured at Muhimbili". Msikilizaji anaelewa kwamba ugonjwa umekwisha, na pengine hataulizia tena. Katika kifua kikuu tofauti hii imewekwa rasmi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani hutenganisha mgonjwa aliyepona na mgonjwa aliyemaliza matibabu. Wote wawili wamemaliza dawa. Wa kwanza alithibitishwa na maabara kuwa na vimelea, na vipimo vya mwisho vikaonyesha havionekani tena. Wa pili amemaliza dozi bila dalili kwamba tiba imeshindwa, ila kumbukumbu za vipimo hivyo vya mwisho hazipo. Sasa mtu aliyemeza dawa miezi sita, akaulizwa na daktari wa ugenini, akijibu kwamba alikuwa "cured", huenda ametoa ushahidi ambao cheti chake hakina. Aseme alimeza dawa miezi mingapi, alimaliza mwaka gani, na makohozi yake yalipimwa mara ya mwisho lini. Hapo daktari ana kitu cha kushika.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa kuliko tunavyokipa sifa. Tunasema kisukari kinatibika, na kwa kusema hivyo hatujamwahidi mtu kwamba atapona. Ukimwi ulipotufika, na dawa zikapatikana ambazo haziuondoi mwilini lakini humrudishia mtu nguvu na miaka yake, lugha yetu ilizipa jina: dawa za kufubaza virusi. Rangi hufubaa, makali hufubaa. Jina hilo halikumdanganya mgonjwa kwamba amepona, wala halikumvunja moyo. Kiingereza cha karibu na kufubaza ni "suppress", na mtu akisema "I am on treatment and the virus is suppressed" amesema ukweli wote kwa pumzi moja. Uzito wa tofauti hiyo tuliuona mwaka 2011, umma ulipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Katika siku zile wapo walioacha dawa za kufubaza kwa kuamini kwamba kikombe kimewaponya. Mtu anayejua kwamba kutibiwa na kupona ni mambo mawili anayo sababu ya kuendelea na dozi yake hata anapojisikia mzima.

Kitenzi "treat" kina mlango mwingine ambao wengi hawauoni. Maana yake ni kutibu, na pia ni kumtendea mtu, kwa wema au kwa ubaya. Mgonjwa akiulizwa wakati wa kuondoka, "How were you treated by our staff?", anaulizwa kama wahudumu walimheshimu. Wengi wetu hujibu kwa kutaja vidonge na sindano. Kinyume chake, mgonjwa akisema "They didn't treat me" huenda alikusudia kwamba hakupewa dawa, lakini kwa sauti yake na uso aliouonyesha akasikika kama anayelalamikia dharau. Dawa ya utata huu ni kutaja kitu chenyewe: "They gave me no medicine." Hapo hakuna wa kukosea.

Waingereza nao wana semi zao za kupata huduma ambazo kamusi zetu hazizipi nafasi. Mapokezi watakuuliza, "Have you been seen?" Hawaulizi kama kuna mtu amekuona kwa macho. Wanauliza kama umeshahudumiwa. Mtu akisema yuko "under" daktari fulani, anamaanisha kwamba daktari huyo ndiye anayemfuatilia. Ukiambiwa uende "surgery", usishtuke ukadhani unakwenda kupasuliwa, maana Uingereza ndivyo wanavyoita ofisi ya daktari wa mtaa. Na ukisema "I was sick last night", wengi wao wataelewa kwamba ulitapika, wakati wewe ulitaka kusema tu kwamba uliumwa. Mmarekani angekuelewa ulivyokusudia. Kiingereza chenyewe, basi, hakina jibu moja kwa wote, na hili liwape moyo wanaodhani wao peke yao ndio wanaobabaika.

Sasa twende kwenye utajiri wetu wenyewe, maana ndiko kwenye kazi kubwa. Mswahili hasemi tu kwamba alitibiwa. Atakwambia alilazwa, alichomwa sindano, alitundikiwa dripu, alipigwa picha, aliongezewa damu, aliwekewa mpira, alishonwa nyuzi, alipewa rufaa, kisha akaruhusiwa. Ni lugha ya matendo, na kila tendo lina picha yake. Ukiihamishia kwenye Kiingereza neno kwa neno, picha inavunjika. Kuruhusiwa si "permitted", ni "discharged". Kulazwa si kulala tu, ni kuingizwa wodini: "admitted". Kuhusu kuwekewa mpira, hakuna mgeni atakayekuelewa ukitaja mpira, lakini ukisema "they put in a tube to drain my urine", hata kama hujui jina la kitaalamu, umeeleweka. Huu ndio mfano wa kanuni niliyoanza nayo. Tendo na kusudi lake vimesimama mahali pa jina.

Nataka nikae kidogo kwenye matendo matatu yanayowahusu wanawake, kwa sababu hapo ndipo makosa yanapouma zaidi. Mwanamke aliyetokwa na mimba, kisha akahudumiwa hospitali kuondoa mabaki, atasema alisafishwa. Akisema "I was cleaned", daktari wa Kiingereza atafikiri alioshwa. Habari muhimu ya uzazi wake imepotea, na ni habari ambayo mkunga wake wa sasa anaihitaji. Mwingine atasema ana kijiti. Akitafsiriwa kwamba ana fimbo ndogo mkononi, watamtafutia mwiba, ilhali ana njia ya uzazi wa mpango iliyowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, inayoitwa "implant". Wa tatu atasema ana kitanzi. Neno hilo likipelekwa kama lilivyo linazungumzia kamba ya kunasia, tena mbele ya daktari ambaye huenda tayari anamwulizia kuhusu huzuni na mawazo ya kujidhuru. Kitanzi hiki kiko ndani ya mfuko wa uzazi, na kazi yake ni kuzuia mimba. Mkalimani asiyelijua hilo anaweza kumwandikia mgonjwa historia nyingine kabisa.

Yapo pia majina ya mahali na ya watu. Kwetu zahanati ni ngazi ya kwanza ya huduma, chini ya kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na kwa Kiingereza chetu rasmi huitwa "dispensary". Mtanzania akimwambia Mmarekani kwamba alitibiwa kwenye "dispensary", katika majimbo mengi siku hizi neno hilo humkumbusha msikilizaji duka linalouza bangi kihalali. Aseme "a small government clinic". Neno kliniki nalo lina mtego, kwa sababu mama wa Kiswahili akisema anakwenda kliniki, mara nyingi ana maana ya kupima ujauzito au kumpima mtoto uzito, wakati Kiingereza kinaliacha wazi kwa ugonjwa wowote. Halafu kuna mganga. Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, na mikoa na wilaya zina waganga wakuu wake. Hawa ni madaktari waliosoma. Vilevile kuna mganga wa kienyeji. Nchini Kongo mgonjwa akikwambia alikwenda kwa munganga ana maana ya daktari wa hospitali, na Mnyarwanda naye humwita daktari umuganga. Mkalimani anayesikia "nilienda kwa mganga" akakimbilia kumtaja mchawi au mpiga ramli amemvunjia mgonjwa heshima na amempotosha daktari. Aulize kwanza: "Mganga wa hospitali au wa kienyeji, mama?"

Mabibi na mabwana, maneno ya hatari kuliko yote ni yale yanayofanana. Mwaka 1980, jimboni Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Watu wake walizungumza Kihispania. Walisema alikuwa "intoxicado", wakimaanisha kwamba kuna kitu alikula kilichomdhuru. Kwa sikio la Kiingereza neno hilo lilifanana na kulewa au kuzidisha dawa za kulevya, naye akatibiwa hivyo. Kumbe alikuwa akivuja damu kichwani. Ilipogunduliwa muda ulikuwa umekwenda, na kijana akabaki amepooza miguu na mikono. Fidia iliyohesabiwa kwa maisha yake yote ilitajwa kuwa takribani dola milioni 71. Hakuitwa mkalimani mwenye ujuzi, kwa sababu kila upande uliamini kwamba umeelewana na mwenzake. Mtu akikosa neno kabisa, wote wanajua kwamba pana pengo, na watalitafutia daraja. Akipata neno linalofanana, pengo linajificha.

Mwili wenyewe tumeugawa tofauti na Waingereza. Mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia vidoleni, na mkono wetu unaanzia begani. Wao wana "leg" na "foot", "arm" na "hand". Mgonjwa wa kisukari akisema mguu unauma, ni lazima ajulikane kama ni unyayo, kwa kuwa kidonda cha unyayo kwa mtu wa kisukari ni dharura. Aonyeshe kwa kidole. Kidole hakihitaji mfasiri. Tumbo letu ni tumbo la chakula, ni tumbo la uzazi, na ni mimba pia. Na kuna chembe cha moyo, ile sehemu iliyo chini ya mfupa wa kifua, juu ya kitovu. Mswahili akisema chembe cha moyo kinamuuma, mara nyingi anazungumzia sehemu ya juu ya tumbo. Mkalimani akitafsiri moyo peke yake, mgonjwa atapelekwa moja kwa moja kwenye vipimo vya moyo. Waingereza wasituonee ajabu, kwani wao huita kiungulia "heartburn", ilhali moyo hauhusiki. Hata hivyo, kwa kuwa maumivu ya moyo wenyewe wakati mwingine husikika papo hapo kwenye chembe, mkalimani asiamue ugonjwa. Kazi yake ni kufikisha mahali panapouma na namna panavyouma. Kuamua ni kazi ya daktari.

Muda nao ni sehemu ya matibabu. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni saa nane kwa hesabu ya Kiingereza. Mgonjwa anayeambiwa asile kitu tangu "midnight" anapaswa kuelewa kwamba ni saa sita usiku. Anayeambiwa adunge insulini saa "eight" asubuhi asije akaidunga saa nane mchana, yaani muda wa saa sita baada ya wakati wake. Na ule mwandiko wa 1x3 tunaouona kwenye mifuko ya dawa hausemi dozi zipishane saa ngapi. Wazee wetu walisema kutwa mara tatu, na mfamasia mwema huongeza: asubuhi, mchana na usiku. Anayetafsiri maagizo ya dawa ataje sehemu za siku, kisha amwombe mgonjwa ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Kurudia huko ndiko kunakothibitisha kwamba agizo limefika.

Lipo jambo la adabu, nalo halimo katika orodha yoyote ya msamiati. Kwetu salamu hutangulia shida. Ukimuuliza mzee habari za leo, atakujibu nzuri, kisha baada ya kupumua kidogo ataongeza, "isipokuwa mwanangu, kifua hiki." Daktari wa ugenini akiuliza "How are you today?" na kusikia "fine", huenda akaandika hivyo na kuendelea. Vilevile tunapunguza makali ya maneno. Mtu hajalala siku mbili kwa maumivu, lakini atasema anaumwa kidogo, kwa sababu amelelewa asilalamike. Wauguzi mlio hapa, mfundisheni daktari wa kigeni kungoja hilo "isipokuwa". Na mgonjwa afundishwe kwamba mbele ya daktari kusema maumivu yalivyo si utovu wa adabu. Aseme kama yamemzuia kulala, kutembea au kula.

Hapa ndipo ninapofika kwenye swali la haki. Je, ni wajibu wa nani kulitafuta neno? Familia nyingi za wahamiaji humkabidhi mtoto kazi hiyo, kwa kuwa amesoma shule ya Kiingereza. Mtoto wa kiume wa miaka 12 anaketi kati ya mama yake na daktari, na mama anaulizwa kuhusu hedhi, kusafishwa, au usaha wa sehemu za siri. Mama gani wa Kiswahili atasema ukweli wote hapo? Atasema tumbo linauma, basi. Marekani, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa asili ya taifa katika huduma zinazopokea fedha za serikali kuu, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, iliifungua njia ya kulitazama suala la lugha katika mwanga huo. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake, ilikwenda mbali zaidi: hospitali isimlazimishe mgonjwa kuja na mkalimani wake, na isimtegemee mtoto mdogo, isipokuwa katika dharura. Ndugu zetu walioko huko waijue haki hiyo. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ninayowashauri waikariri, kabla hata ya majina ya magonjwa, ni "I need a Swahili interpreter, please." Na wakimpata mkalimani huyo, wamwambie kama ni Kiswahili cha Bukavu au cha Mombasa, maana munganga wa mmoja si mganga wa mwingine.

Kwa wauguzi na wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza cha afya, kama ule ulioanzia Australia na sasa unakubaliwa Uingereza, nina neno moja. Mtihani ule huwataka mzungumze na mtu anayeigiza mgonjwa na kuandika barua, aghalabu ya rufaa. Msijaze madaftari kwa majina magumu. Jizoezeni kueleza kila tendo la wodini kwa sentensi fupi ambayo mgonjwa asiyesoma ataielewa, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Asiyeweza kueleza kwa lugha yake tofauti ya kutibu, kufubaza na kuponya hataiweza kwa lugha ya kigeni.

Na kwa vyuo vyetu vya afya nina ombi. Viandaliwe vitabu vidogo vya lugha ya mgonjwa, vinavyokusanya maneno kama yanavyosemwa Unguja, Mwanza, Lamu, Goma na Bujumbura: chembe cha moyo, kichomi, chango, degedege, kusafishwa, kijiti, presha ya kushuka. Kila neno liandikiwe mwili unasikia nini, mtu alifanyiwa nini, na daktari aulize swali gani la kufuatia. Tunajua thamani ya kazi kama hiyo. Watafiti waliochunguza degedege wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba wazazi wengi waliuona kuwa ugonjwa mwingine, mbali na homa ya malaria, na hivyo wakaanzia kwa waganga wa kienyeji wakati mtoto alihitaji hospitali haraka. Kulifahamu neno la mama humwezesha mhudumu kumjibu kwa neno analolielewa.

Daktari anasoma miaka mingi ili aujue mwili. Mgonjwa amekaa na mwili wake maisha yake yote. Kila mmoja ana maarifa ambayo mwenzake hana, na lugha ndiyo inayoyakutanisha. Anayelipwa kwa kazi hiyo, awe daktari, muuguzi au mkalimani, ndiye anayepaswa kuuliza tena mpaka aelewe. Mgonjwa amekwishatimiza wajibu wake alipofika na kusema, kwa maneno aliyonayo, kwamba anaumwa.